Kadi Iliyopigwa na Wengine

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima kama jiwe la kusagia, sijui wewe.

Nimepata ujumbe wako kwamba nisikupigie simu tena, niandike. Nimekaa nao siku mbili. Fundi cherehani, huyu jirani yangu asiyejua kunyamaza, akaniambia, "Mzee Chuma, mtoto kamkimbia baba yake." Nikamwambia ashone. Akajitolea kuniandikia hii barua, eti mwandiko wake mzuri. Nikamwambia ashone tena.

Shule niliishia darasa la tatu, na si kwa ujinga. Mwalimu alinionea wivu. Mtu aliyekata sabuni kiwandani miaka thelathini na tatu, miche elfu nne kwa siku, hawezi kushindwa na kalamu. Hii ni karatasi ya tatu. Zile mbili zilikuwa na kasoro zao.

Sasa nieleze. Simu imekukosea nini? Kazi yenyewe si ndiyo hiyo, kuongea na simu, umekaa kitako, kwenye kiti chenye magurudumu? Mimi nilisimama. Mvuke wa magadi ulinila nyusi zikaota nyingine. Na miaka yote hiyo sijakosa siku hata moja. Cheti kipo ukutani, kimeandikwa kwa wino mweusi: HAKUKOSA SIKU HATA MOJA. Wageni wakija wanakisoma. Wasipokisoma nawasomea.

Tangu mama yako atutoke nyumba imekuwa kubwa. Silalamiki. Nasema tu ukubwa wake.

Jibu upesi.

Baba yako,
Chuma, mkata sabuni namba moja


Jumanne, tarehe 12 Machi

Baba, shikamoo.

Usikasirike. Simu haijanikosea kitu. Ni kwamba tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni nimevaa hedifoni, watu wanapiga ofisi ya maji kulalamika. Simu tisini kwa siku. Bomba kubwa likipasuka, mia na ishirini. Kila moja naanza, "Asante kwa kutupigia, pole kwa usumbufu." Wakitukana wananitukana mimi, maji hayatukaniki. Wiki iliyopita mmoja alimtukana mama. Nikamwambia asante kwa kutupigia.

Nikienda chooni nabonyeza kitufe, kompyuta inahesabu dakika. Nina dakika nane kwa siku. Tuko arobaini ukumbini, kila mtu na kibanda chake cha ubao. Anayekaa kushoto kwangu simjui jina, namjua kwa kikohozi.

Nikirudi chumbani, sauti ya mtu sikioni, hata yako Baba, mwili mzima unakaza. Juzi muuza maziwa alibisha hodi, nikafungua mlango nikamwambia, "Asante kwa kutupigia." Alicheka sana. Mimi sikucheka.

Msimamizi wetu ni mama mmoja wa miwani, si mtu mbaya. Ameanzisha utaratibu: anayeonekana kuelemewa anatolewa kwenye simu kwa wiki sita, anapelekwa chumba cha nyuma kujibu barua za wateja kimyakimya, na anaonana na daktari. Nafasi ziko tatu tu. Ameniandika mimi kuwa mmojawapo, tunaanza mwezi ujao. Nimeona nikwambie, usije ukasikia kwingine.

Kula vizuri.

Mwanao


Alhamisi, tarehe 21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Chumba cha nyuma! Chumba cha nyuma nakijua. Kiwandani kwetu mtu akishaitwa mchovu alipewa ufagio, na baada ya ufagio alionyeshwa geti. Huyo wa miwani anakuchimba, nawe unamshukuru. Mchagua jembe si mkulima. Watu wanatukana? Wacha watukane, tusi halitoboi sikio. Mimi msimamizi wangu alikuwa akinitukana kwa lugha mbili.

Usihangaike. Baba yako yupo. Jambo hili nimelishughulikia kwa kalamu hii hii, na leo barua yako naiandika fupi maana kalamu imetoka kwenye kazi nyingine.

Baba yako,
Chuma, wa cheti


Alhamisi, tarehe 21 Machi

Kwa Msimamizi wa Simu, Ofisi ya Maji

Mimi ni baba wa huyo binti uliyemwandika kwenye orodha ya wachovu. Nimeona nikusaidie, maana humjui.

Ukimwona kanyamaza usidhani kaelemewa. Ndivyo alivyo. Alipozaliwa alikaa kimya mpaka mkunga akaogopa, kisha akalia kilio kimoja cha maana. Kwenye ukoo wetu uchovu haupo. Mimi mwenyewe nimefanya kazi miaka thelathini na tatu na sijakosa siku hata moja, nina cheti, ukiwa na shaka njoo ukisome.

Mfute kwenye orodha hiyo. Na ukimwongezea kazi kidogo utaona maajabu.

Wako katika kazi,
Chuma, mkata sabuni mstaafu


Jumatano, tarehe 3 Aprili

Mzee wangu, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Nilimwita binti yako ofisini nikampa aisome. Aliisoma hadi mwisho, akaikunja vizuri kama ilivyokuwa, akasema, "Kama baba ameandika, basi niko sawa." Nikamuuliza tena. Akasema vilevile.

Jina lake nimelifuta, nafasi nimempa mwenzake. Kazi sikumwongezea. Nikwambie kweli, jibu lake halikuniridhisha, lakini nina watu arobaini na nafasi tatu, na siwezi kumlazimisha mtu anayesema ni mzima.

Cheti chako ni heshima kubwa.

Msimamizi wa Simu


Jumatano, tarehe 10 Aprili

Mwanangu,

Bosi wako ameniandikia! Kwa karatasi yenye nembo. Nimemsomea fundi cherehani mara mbili, mara ya pili aliacha hata kushona. "Kama baba ameandika, basi niko sawa." Huyo ndiye mwanangu. Chuma huzaa chuma.

Umeona? Barua moja tu. Nilijua huyo mama ni mtu wa kuambiwa.

Lakini wewe huandiki. Najua kazi. Hata mistari miwili inatosha, useme simu zimefika ngapi, nami niwaambie watu hapa.

Baba yako,
Chuma


Jumatatu, tarehe 22 Aprili

Mwanangu,

Posta nimekwenda mara nne. Karani wa dirishani siku hizi akiniona natokea mlangoni anatikisa kichwa kabla sijafika, ananipunguzia mwendo.

Simu sikupigi, kama ulivyotaka. Jana nilikaa nayo mkononi, nikaitazama, nikairudisha mezani.

Kama umenikasirikia sema. Mimi nimegombana na watu wengi na hakuna aliyenishinda, lakini mtu asiyesema kitu nitagombana naye vipi?

Baba yako


Ijumaa, tarehe 26 Aprili

Mzee wangu, shikamoo.

Naandika kwa haraka. Jumatatu saa nne asubuhi, katikati ya simu, binti yako alivua hedifoni, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayelaza mtoto, akatoka nje. Mteja aliendelea kufoka peke yake. Tangu hapo hajarudi.

Nimekwenda kwake mara mbili. Yumo ndani, nasikia anatembea, ila hafungui. Mwenye nyumba anasema tangu siku hiyo anachukua maziwa tu pale mlangoni. Jana nilimwita sana. Akanijibu kutoka ndani sentensi moja: "Mwambie baba sijambo."

Mzee wangu, mmoja wa wale watatu amehama mji. Nafasi yake iko wazi hadi tarehe kumi Mei. Baada ya hapo wakubwa wangu watamhesabu kuwa ameacha kazi, na sina la kuwaambia. Lakini nafasi ile haipewi mtu anayesema hajambo. Ni lazima aseme mwenyewe, kwa kinywa chake, kwamba ameelemewa. Mimi nimeshindwa kumfanya aseme. Kwangu ananyamaza. Kwako wewe kila kitu ni "baba ameandika".

Je, una neno la kumwambia?

Msimamizi wa Simu


Jumanne, tarehe 30 Aprili

Kwa Msimamizi

Ile barua yangu ya kwanza ichane. Ilikuwa na uongo ndani yake.

Kwenye bahasha hii kuna barua nyingine, ni ya binti yangu. Mpelekee wewe. Kama hafungui ipitishe chini ya mlango, kisha usiondoke, kaa hapo hapo. Nakuomba kama baba, siagizi.

Baba yake


Jumanne, tarehe 30 Aprili

Mwanangu,

Hii barua ni ndefu. Isome ukiwa umekaa.

Ulikuwa na miaka saba. Mwaka ule kiwanda kilipata oda kubwa tukafanya zamu moja na nusu kila siku, miezi mitano. Asubuhi moja nilisimama mbele ya fremu, ile ya waya ya kukatia. Sabuni imelala mbele yangu bapa moja, kubwa kama godoro. Nikaamuru mkono ushuke. Mkono ukakataa. Haukuuma, ulikataa tu, kama punda. Nikaona maji yanadondoka juu ya sabuni, kumbe ni machozi yangu. Hakuna aliyekuwa amekufa. Sikuwa na huzuni ya kitu chochote ninachokijua.

Pembeni yangu alikuwa anakata mtu tuliyemwita Kipara. Akaniambia polepole bila kunitazama, "Ndugu yangu, geuka, tembea kama unakwenda kufuata kitu." Akanipeleka ghala la kukaushia, nyuma ya rafu, akanikalisha juu ya kreti. "Ukiulizwa, unahesabu." Nikakaa pale hadi king'ora cha jioni. Sikuhesabu hata mche mmoja.

Kesho yake sikuweza kuinuka kitandani. Mama yako akaenda getini akanong'ona na Kipara.

Siku kumi na tisa, mwanangu. Siku kumi na tisa nilikuwa nimelala. Kipara alipiga kadi yangu kwenye mashine ya getini asubuhi, mwingine akaipiga jioni. Watu wanne waligawana fremu yangu, kila mmoja akakata miche elfu moja zaidi ya yake. Msimamizi alihesabu sabuni, ikatimia. Watu hakuhesabu. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wewe unauona mwepesi kwa kuwa hukuubeba. Wale waliubeba, na hakuna hata mmoja aliyekuja kunidai asante.

Wewe mama yako alikwambia nimekwenda safari ya kikazi. Sikwenda popote. Nilikuwa chumba cha pili, mlango umefungwa, ufunguo mfukoni mwa mama yako. Ulikuwa unacheza nje chini ya dirisha langu. Nilikuwa nakusikia unaimba.

Siku ya ishirini nilirudi kiwandani. Kipara akanipokea getini kwa sauti, "Karibu, Chuma!" Wote wakacheka, nami nikacheka. Ndipo jina hili lilipoanzia. Ulikuwa utani, mwanangu. Walikuwa wananitania. Halafu kiwanda kikafungwa, wale wakatawanyika, Kipara akafa, hakubaki mtu wa kukumbuka kwamba ulikuwa utani. Nikabaki na jina, nikalivaa.

Siku ya cheti Kipara alikaa mstari wa mbele, akapiga makofi kuliko wote. Sikumtazama. Ningemtazama ningesema kweli.

Mimi sikuwa chuma. Nilikuwa na watu. Wewe unakaa na mashine inayohesabu dakika za choo, na jirani yako unamjua kwa kikohozi. Huyo mama wa miwani nilimwona adui. Kumbe ndiye peke yake aliyejaribu kukupigia kadi, na mimi nikamshika mkono nikauvuta nyuma.

Ningepanda basi nije. Fundi cherehani kanitukana kwa nini siji. Lakini nakujua. Nikigonga utafungua kwa heshima, utaniamkia, utanipa kiti, utasema, "Niko sawa, Baba." Na mimi nitafurahi nirudi nyumbani, nawe utabaki umekufa umesimama. Kwa hiyo siji. Mfungulie huyo mama, siyo mimi. Mwambie umechoka. Umechoka kama baba yako alivyochoka, na wewe umesimama muda mrefu kuliko mimi bila mtu.

Ukipewa ruhusa, njoo nyumbani upumzike.

Baba yako


Alhamisi, tarehe 9 Mei

Baba, shikamoo.

Barua yako ilipita chini ya mlango. Niliisomea sakafuni. Nilipomaliza nikasikia mtu anapiga chafya upande wa pili, kumbe Msimamizi alikuwa amekaa kwenye ngazi muda wote huo, na vumbi lile. Nikamfungulia. Nikasema, "Nimechoka." Nilidhani nikilisema hilo neno dari litaanguka. Lilitoka dogo, hata yeye akaniambia, "Rudia, mwanangu, sikusikia." Nikarudia.

Leo ni siku yangu ya tatu chumba cha nyuma. Tuko watatu na dirisha moja. Barua za wateja nazo zina hasira, ila karatasi haifoki. Yule wa kikohozi kumbe ni mmoja wetu, alichukua ile nafasi yangu ya kwanza. Jana tulikunywa chai pamoja, tukaosha vikombe. Kwa daktari nakwenda Jumanne na Ijumaa.

Sasa niseme lingine, nawe usinikatize. Raha ya barua ni hiyo, huwezi kunikatiza.

Nina hasira na wewe. Ile safari yako naikumbuka. Nilikuwa naimba pale dirishani kwa sababu mama aliniambia nikiimba vizuri utarudi mapema. Siku kumi na tisa niliimba. Uliporudi hukunitazama, nikajua nimeimba vibaya. Baba, tangu hapo najipima kwa mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Nikiwa na homa nakwenda kazini. Tulipomzika mama, kesho yake nilikuwa kwenye simu, wewe ukanisifu mbele ya watu. Ungeniambia wakati ule. Hata neno moja, wakati mama yupo, tukakaa watatu tukaongea.

Umesema nije nyumbani. Hapana. Si sasa, na lini sijui. Daktari amesema nijifunze kusema hapana, na imetokea kwamba wa kwanza ni wewe. Samahani. Hapana, siombi samahani, hilo nalo nimeambiwa nilipunguze.

Nimekasirika lakini nimeikunja barua yako, nimeihifadhi. Vyote viwili ni kweli.

Mwanao


Alhamisi, tarehe 16 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika salama.

Nilianza kukujibu kwa kujitetea, nikajaza karatasi mbele na nyuma. Maneno yalikuwa mazuri, nilijishangaa. Ile nimewashia jiko.

Hapana yako nimeipokea. Sikuizoea, imenikaa kooni siku mbili, leo imeshuka. Kuhusu kuimba nasema hivi. Hukuimba vibaya. Nilitaka ujue hilo tu, kwamba aliyekuwa ndani alikuwa anasikiliza, na ukinyamaza alikuwa anasubiri uanze tena.

Hapa hakuna jipya. Asubuhi nafagia uwanja, jioni naketi. Nilikuwa nimekuwekea chumba cha pili tayari, nimefua shuka. Nimeitandika tu hivyo hivyo, si kwa kukusubiri, ni kwa sababu ilikuwa imeshakauka.

Nitakuwa nakuandikia kila Alhamisi. Nisipoandika sina mtu wa kuongea naye, na hilo ni langu, halikuhusu. Usijibu. Sikuambii kwa kununa, nakuambia kwa moyo safi: usijibu. Kazini kwako unalipwa kujibu watu, kwangu pumzika. Ukiwa umechoka hata usizifungue, zirundike popote. Siku ukitaka kujua habari zangu tazama juu ya bahasha. Muhuri wa posta ukiwa wa wiki hii, basi nipo.

Baba yako